Je, wajua kwa nini vina na mizani humfungua kijana kinywa?

Tanga ni nchi ya mashairi. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na mji huo, mwaka 1909. Leo kijana wa huko hupanda jukwaani na beti zake, akaghani yaliyomjaa, akashuka ametua mzigo. Nafuu hiyo inatoka wapi?

Wengi tumeamini kwamba inatokana na kutapika nyongo: paza sauti, lia, yote yatoke. Kwa imani hiyo vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, na mizani, yaani hesabu ya silabi, huonekana pingu. Imani hii ina kasoro kubwa. Mwaka 2002, mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani aliwapima wanafunzi waliokuwa wameudhiwa makusudi. Baadhi walipiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Wengine walikaa kimya tu. Waliopiga gunia ndio waliobaki na hasira zaidi. Kumbe kuimwaga hasira ni kuizoesha.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali. Walipochagua neno la hisia hiyo, kama vile hasira au hofu, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtuka mbele ya hatari, ilitulia kuliko walipochagua jina la mtu tu. Majaribio yote mawili hayakuhusu mashairi, kwa hiyo kuyafikisha jukwaani ni hoja, si kipimo. Ila hoja yenyewe ina uzito: nafuu hutoka katika kuipa hisia jina, si katika kuimwaga.

Tazama kifumbu cha tui. Nazi ukiikuna, ukaitia maji na kuiacha, tui na chicha hukaa pamoja. Kifumbu huibana, na huko kubanwa ndiko kunakotoa tui. Tarbia nayo hubana: mishororo minne katika kila ubeti, mizani 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Kijana akiandika “Nina huzuni”, amepata mizani 5. Zimepungua 3, na hawezi kuzijaza kwa kelele. Inambidi ajiulize: huzuni gani? Inanishika wapi? Akihesabu kwa vidole, hufika hapa:

Tonge nikiliinua, kooni lanikwamia,

Huzuni imeacha kuwa jina la jumla, imefika kooni. Sasa mshororo wa pili unadai -ua katikati na -ia mwishoni:

Mama ameshatambua, kuuliza ahofia.

Kina kimemleta mama, ambaye hakuwamo. Huu ndio uzuri wa kina: humpeleka mtu kwenye jambo alilokuwa akilizunguka. Anayependa shairi huru ajiwekee sharti lake, kwa mfano kila mstari utaje kitu kinachoonekana au kushikika.

Shairi huharibika zaidi wakati wa kughani. Mwenye woga hukimbiza mishororo, pumzi ikamwishia ubeti wa pili, na mwili ukadhani kuna hatari kweli. Dawa ni kutua kidogo kwenye mkato wa ukwapi, kisha kuvuta pumzi mwisho wa mshororo na kuitoa taratibu pamoja na maneno, maana moyo hupunguza mwendo tunapotoa pumzi. Jeraha bichi, la juzi au jana, liandikwe lakini lisipelekwe mbele ya watu kwanza. Na shairi la uchungu liwe na kibwagizo, mshororo unaorudiwa kila ubeti, ambacho hadhira imefundishwa kabla ya kuanza: machozi yakimkaba mghani, watu hukiitikia, naye hupata nafasi ya kuvuta pumzi na kuendelea na ubeti unaofuata.