Volkano ikilipuka, dira ya Tukuyu itapotea njia?

Wanafunzi wanaopandishwa mlima Ngozi, karibu na Tukuyu mkoani Mbeya, kuliona ziwa la kasoko huuliza sana swali hili: mlima kama Rungwe ukilipuka, dira na simu zitaonyesha kaskazini kweli? Jibu fupi ni kwamba usumaku wa dunia utatikisika, ila kidogo mno. Tena kitakachoutikisa si moto wa volkano. Ni hewa.

Usumaku mkuu wa dunia hutokana na chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka kwenye kiini cha nje kuanzia kina cha takriban kilomita 2,900. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya Rungwe na ya volkano jirani ya Kyejo haitoki hata karibu na huko, kwa hiyo hakuna mlipuko unaoweza kuugusa mtambo huo. Lakini juu ya usumaku huo mkuu huongezeka mwingine mdogo, unaoletwa na mikondo ya umeme ya angani. Kuanzia kama kilomita 80 kwenda juu kuna ionosfia, tabaka ambalo miale ya jua hunyofoa elektroni kwenye chembe za hewa, chembe hizo zikabaki na chaji ya umeme. Volkano hufikisha mkono wake huko.

Mfano bora tunao. Tarehe 15 Januari 2022, baada tu ya saa moja asubuhi kwa saa za kwetu, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka katika bahari ya Pasifiki. Safu ya mvuke na majivu ilipanda hadi karibu kilomita 57. Ndege za abiria huruka kwenye kilomita 10 hadi 12. Wimbi la mgandamizo wa hewa likasambaa pande zote kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa, likaizunguka dunia mara kadhaa. Kutoka Tonga hadi Mbeya ni kama kilomita 15,000, hivyo kwa hesabu lilipita juu yetu mnamo saa tatu usiku wa siku hiyo hiyo. Alfajiri likapita tena, safari hii likitokea upande wa pili wa dunia. Watu walikuwa wamelala, na hata aliyekuwa macho asingehisi kitu. Barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, ndiyo inayoona mambo ya namna hii.

Huko juu hali ni tofauti. Hewa inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo wimbi linavyozidi kukua, na likifika kwenye ionosfia husukuma chembe zenye chaji zikatishe mistari ya sumaku, njia zisizoonekana ambazo nguvu ya sumaku ya dunia hufuata. Chaji ikikatisha sumaku, umeme huzaliwa. Umeme ukitembea, nao huzaa sumaku yake. Setilaiti ya ICON ya NASA iliona mkondo wa umeme unaopita juu ya ikweta ya sumaku, mstari ambako sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, ukiongezeka hadi mara tano ya kilele chake cha kawaida, kisha ukageuza mwelekeo. Kwa Afrika ikweta hiyo haipiti Tanzania, inapita Ethiopia. Kinachonishangaza zaidi mimi ni Japani: ionosfia yake ilivurugika saa kadhaa kabla wimbi la hewa halijafika, kwa sababu umeme uliozalishwa juu ya Australia ulitangulia kwa kufuata mistari ya sumaku inayounganisha anga za nchi hizo mbili.

Ardhini, vipimo vya Samoa, jirani na Tonga, vilionyesha mtikisiko wa nanotesla chache (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Usumaku wa Mbeya ni kati ya nanotesla 30,000 na 35,000. Dira ya mkononi haiwezi kuitambua tofauti hiyo.

Wa kuathirika ni mpima ardhi. Mawimbi ya GPS kutoka kwenye setilaiti hupita ndani ya ionosfia, na ikivurugika yanachelewa au kuwahi. Simu ikikosea mita mbili tatu hakuna atakayelalamika, lakini anayepima mipaka ya viwanja kwa usahihi wa sentimita ni heri afunge vifaa, arudi kesho.

Mkulima wa viazi wa Isongole, huku Rungwe, ana habari yake nyingine, ya baridi inayoletwa na salfa. Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 ilirusha gesi ya salfa kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu nyuzi. Tonga, kwa kuwa ililipukia majini, ilirusha zaidi mvuke wa maji kuliko salfa.

Na Rungwe nayo imewahi kulipuka vibaya: takriban miaka 4,000 iliyopita iliacha tabaka nene za pumisi, lile jiwe jepesi linaloelea majini. Kyejo ilitoa lava miaka mia mbili na ushee iliyopita. Lava hiyo ilipopoa, madini yake ya chuma yalijipanga kufuata usumaku wa wakati ule, na yakabaki hivyo. Ndiyo maana dira iliyowekwa juu ya mwamba wa namna hiyo inaweza kuyumba bila mlipuko wowote. Ukiona inayumba, usiulaumu mlima. Ondoka kwenye mwamba, sogea hatua kadhaa, upime upya.