Kiwanja ni chako, maji yaliyo chini yake si yako

Kiangazi kikikolea Dodoma, malalamiko kuhusu visima huongezeka kwetu sisi wa bodi ya maji ya bonde, tunaotoa vibali vya maji. Mwananchi ana hati ya kiwanja, amelipa fedha zake, ameshaongea na mwenye mtambo wa kuchimba, kisha anaambiwa asubiri kibali. Anaona anaonewa. Naelewa adha ya kuishi kwa maji ya boza, na ninaamini wengi hawana nia ya kuvunja sheria. Lakini hoja ya "kiwanja changu, maji yangu" haina msingi wowote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inasema maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hati inakupa ardhi. Haikupi maji.

Kwa miongo mingi mji huu umetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Wengi wanadhani chini kule kuna ziwa. Hakuna. Kuna mwamba wa granaiti uliooza na kupasuka, na maji yamekaa kwenye nyufa na katika tabaka hilo lililooza. Juu yake mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na sehemu kubwa inarudi hewani kwa jua na kupitia mimea.

Kina cha maji Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu mwaka 1955. Kazi yenyewe ni rahisi kuiona: tepu yenye kipimo inashushwa kwenye bomba la kisima cha uangalizi, ikigusa maji inalia, mtaalamu anasoma mita na kuandika. Zipange namba hizo kwa miongo na utaona maji yakishuka mwaka hadi mwaka, kisha yakapanda ghafla baada ya msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi. Msimu wa El Nino wa 1997/98 ni mfano unaojulikana zaidi. Mvua ya wastani inayotosha kukomaza mtama inaweza isiongeze chochote cha maana kule chini. Kwa hiyo tunachopampu leo ni akiba ya misimu michache mizuri, na inabidi itufikishe kwenye msimu mwingine ambao hakuna anayejua utakuja lini. Na watu ni wengi: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji la Dodoma.

Sasa maji hayo huingilia wapi? Udongo mzito wa mfinyanzi wa mbugani hauyapitishi kirahisi. Njia kubwa ni mchanga wa makorongo, yale yanayofurika siku chache na kukauka miezi mingi, Kinyasungwe likiwa mojawapo. Korongo likijaa, mchanga unayashika maji na kuyashusha taratibu. Ndiyo maana lori linalozoa mchanga korongoni linatuumiza zaidi ya watu wanavyodhani. Mchanga ukiisha, mafuriko yanapita kasi juu ya tope, kingo zinamomonyoka, na maji yanakwenda zake.

Korongo hilohilo lina wategemezi wengine. Migunga na mikwaju ya kingoni inabaki na majani Oktoba, wakati kila kitu kimekauka, kwa sababu mizizi yake imefika kwenye unyevu. Wafugaji wanafukua mchanga na kunywesha mifugo. Ndege na wanyama wanafuata hapohapo. Kina kikishushwa mno, miti hiyo hukauka kabla pampu yako haijaanza kuvuta hewa, na kingo zikibaki bila miti hata mchanga hautulii. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iko wazi: mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, mazingira pili, shughuli nyingine baadaye. Anayetaka kumwagilia zabibu eka kadhaa kwa kisima kirefu yuko katika kundi hilo la tatu, na hilo alijue kabla hajanunua pampu.

Utaratibu ni huu. Unaanza kwa maombi kwenye bodi ya maji ya bonde lako. Mtaalamu anayetambulika anafanya utafiti wa maji ardhini na kuandika ripoti. Bodi inaangalia umbali kutoka visima vingine, vyoo vya shimo, korongo na eneo la visima vya umma, kisha inaamua kama itoe kibali cha kuchimba. Anayechimba lazima awe na leseni. Akimaliza, kisima kinapampuliwa kwa saa kadhaa huku kina kikipimwa, kwanza maji yakishuka, halafu yakirudi. Sampuli inapelekwa maabara. Ripoti inarudi bodi, na hapo ndipo unapewa kibali cha kutumia maji, chenye kiasi unachoruhusiwa kuvuta. Unafunga dira ya maji, unalipa ada ya kila mwaka. Kuchimbiwa hakumaanishi umeruhusiwa kutumia. Hivi ni vibali viwili. Kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani kina masharti mepesi, lakini uliza kwanza.

Kuchimba au kuvuta maji bila kibali ni kosa. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na kisima kinaweza kufungwa kwa gharama zako. Vilevile Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Mita hizo zinahesabiwa hata kama korongo ni kavu siku unayojenga.

Na tafadhali, usiseme "changu ni kimoja tu". Kila mwombaji anasema hivyo. Bodi haipimi kisima kimoja, inapima vyote kwa pamoja, na visima vya vishoka, wachimbaji wasio na leseni, haviko kwenye hesabu hiyo. Anayeumia kwanza ni jirani mwenye kisima kifupi, ambaye asubuhi anakuta ndoo inagonga tope.

Kama tayari una kisima ambacho hakijasajiliwa, fika ofisi ya bonde kabla hujakaguliwa. Njoo na nakala ya hati, jina la aliyekuchimbia, kina cha kisima na aina ya pampu. Kama hujui kina, usikikisie; tutakuja kukipima.