Valini ya sita inagusa nini?

Nikialikwa kuzungumza na wazazi wa watoto wenye selimundu, kuna swali ambalo halikosi. "Dakta, huyu alizaliwa mzima. Kanyonya vizuri, kanenepa, miezi yote sita hana neno. Halafu ghafla vidole vinavimba, analia usiku kucha. Huu ugonjwa ulikuwa umejificha wapi?" Mara nyingi hujibiwa kwamba himoglobini ya uchanga (himoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni) imeisha, sasa mtoto anatumia ile ya ukubwani. Jibu ni sahihi, ila mama anarudi nyumbani na swali lake lile lile: kwani ya uchanga ilikuwa na nini?

Hilo linajibika, tena kwa rula. Ni rula ya kupimia atomi, lakini hesabu yake ni ile ya kidato cha nne.

Protini ni shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila ushanga ni asidi amino moja, na ziko aina 20. Himoglobini ya mtu mzima ina nyuzi nne: mbili za alfa zenye shanga 141 kila mmoja, na mbili za beta zenye shanga 146. Uzi haukai umenyooka. Unajikunja na kujifinyanga hadi ushanga wa 10 unaweza kujikuta umebanana na wa 120. Huko kubanana ndiko tunakoita mguso. Protini hushikwa umbo lake na miguso ya namna hiyo, na kwa miguso pia hushikana na protini nyingine.

Mguso unapimwaje? Kuna hazina ya maumbo ya protini iitwayo Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971 na ambayo sasa ina maumbo zaidi ya 200,000. Yeyote mwenye intaneti anapakua bure, hata kwa simu. Ukilifungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi unakuta mistari maelfu, kila atomi na mstari wake: jina la atomi, asidi amino yake, herufi ya mnyororo (yaani uzi), namba ya ushanga, kisha tarakimu tatu zinazoonyesha ilipo, yaani x, y na z. Vipimo viko kwa angstromu. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita.

Tuseme, kwa mfano tu, atomi moja iko 10, 12, 5 na nyingine iko 12, 15, 6. Tofauti zake ni 2, 3 na 1. Miraba yake ni 4, 9 na 1, jumla 14, na kipeuo cha pili cha 14 ni 3.74. Atomi hizo ziko angstromu 3.74 kutoka moja hadi nyingine, kwa hiyo zinagusana. Kompyuta hurudia hesabu hiyo kwa kila jozi ya atomi na kukuchorea ramani ya nani anamgusa nani.

Neno "zinagusana" lina mtego wake, maana mpaka wa mguso tunauweka sisi. Wengi huhesabu mguso pale ambapo atomi mbili zozote, ukiacha hidrojeni, ziko ndani ya angstromu 4.5. Wengine hupima kutoka kaboni ya beta (hapa ni jina la atomi, si la uzi) ya ushanga mmoja hadi ya mwenzake na kuruhusu hadi 8, na kwa glisini, isiyo na kaboni hiyo, wanatumia kaboni ya alfa. Ramani mbili hizo hazifanani. Ripoti isiyotaja mpaka wake mimi huirudisha kwa mwenyewe kabla sijaisoma. Tena shanga zinazofuatana kwenye uzi hazihesabiwi. Zinagusana kwa kuwa zimetungwa pamoja, wala hilo si habari.

Sasa selimundu. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alikuta tofauti yenyewe: kwenye mnyororo wa beta, ushanga wa sita umebadilika kutoka glutamati kuwa valini. Glutamati ina chaji hasi na hupatana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji, kama matone ya mafuta yanavyotafutana juu ya mchuzi. (Kwenye majibu ya vipimo vya jeni huenda ukaona imeandikwa namba 7. Ushanga ni ule ule. Maabara za jeni huhesabu pia methionini ya mwanzo, ambayo mwili huikata.)

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea kazi yake kwa unyonge. Alichukua umbo la himoglobini, akabadilisha ushanga wa sita wa beta kwenye programu, akalinganisha ramani mbili. Tofauti karibu haikuwepo. "Mwalimu, nadhani nimekosea hesabu." Hesabu haikuwa na kosa. Ushanga wa sita uko nje kabisa, juu ya uso wa molekuli, na majirani wake ni wachache. Ukiikagua himoglobini moja peke yake, badiliko hili halivunji chochote. Ndiyo maana himoglobini ya selimundu hubeba oksijeni bila shida.

Alichokosea ni kupakia molekuli moja. Nikamwambia afungue 2HBS, umbo la himoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni lililotolewa mwaka 1997, ambalo ndani yake molekuli mbili zimepangwa bega kwa bega, kisha atafute miguso baina ya molekuli badala ya ndani yake. Valini ya sita ya molekuli moja imezama kwenye kishimo cha jirani, imebanwa na fenilalanini ya 85 na lusini ya 88, zote mbili za kundi la wakwepa maji. Pembeni, threonini ya 4 imefunga bondi ya hidrojeni na aspartati ya 73 ya jirani huyo huyo.

Kishimo hicho sote tunacho, hata wewe usiye na selimundu. Kinachokosekana kwetu ni valini ya kukiingia. Isitoshe, himoglobini ikiwa imebeba oksijeni umbo lake halikubali mshikamano huu. Ikiiachia, nusu zake mbili huzunguka kwa takriban digrii 15, na hapo ndipo valini na kishimo hupatana. Molekuli hushikana moja baada ya nyingine, jozi kwa jozi, hadi zinakuwa mistari 14 ya molekuli iliyosokotwa pamoja kama kamba. Kamba ikirefuka ndani ya chembe nyekundu, chembe inapinda kama mundu.

Msomaji makini atauliza: umbo hili lilipimwa molekuli zikiwa zimepangwa kwenye fuwele, kama chembe ya chumvi, na ndani ya fuwele molekuli zote zimesongamana, tutajuaje kwamba mguso huu si wa bahati tu? Swali zuri, kwa kuwa mingi ya miguso baina ya molekuli kwenye fuwele kweli ni ya bahati tu. Huu una mashahidi. Ipo himoglobini iitwayo Korle Bu, jina la hospitali ya Accra, ambayo aspartati yake ya 73 imekuwa asparajini. Mtu aliyerithi Korle Bu kwa mzazi mmoja na selimundu kwa mwingine huwa haugui ugonjwa mkali. Ukiharibu mguso wa pembeni tu, kamba inakataa kusokoteka vizuri.

Shahidi wa pili ni mtoto wa yule mama. Himoglobini ya uchanga haitumii beta, inatumia mnyororo wa gama. Weka minyororo hiyo miwili sambamba kuanzia 85 hadi 88. Beta inasoma fenilalanini, alanini, threonini, lusini. Gama inasoma fenilalanini, alanini, glutamini, lusini. Kuta za kishimo ni zile zile. Kilichobadilika ni ushanga wa 87, uliokaa kwenye ukingo, ambapo glutamini ndefu imechukua nafasi ya threonini fupi. Mlango umezibwa. Tena molekuli iliyochanganya gama moja na beta moja ya selimundu nayo haijiungi vizuri kwenye kamba, kwa hiyo himoglobini ya uchanga inafanya kazi kubwa kuliko kuongeza tu idadi ya molekuli nzuri.

Kwa hiyo, mama, ugonjwa haukujificha. Valini ilikuwepo tangu tumboni, ila molekuli zenye beta zilikuwa chache na zile za gama zilikuwa zinavuruga usokotaji. Kadiri gama ilivyopungua mwezi hadi mwezi, kamba zikapata nafasi. Dawa ya hidroksiyurea ambayo wengi wenu mmeandikiwa humfanya mtoto aendelee kutengeneza gama. Matibabu ya kuhariri jeni yaliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023 yanalenga huko huko, japo bei yake kwa sasa si ya kuzungumzia kwenye kliniki zetu.

Na lile la maji, ambalo wauguzi hulisisitiza mpaka watoto wanachoka kulisikia, nalo linatoka hapa hapa. Muda ambao molekuli hungoja kabla ya kuanza kusokotana hupungua kwa takriban kipeo cha 30 cha wingi wa himoglobini ndani ya chembe. Chembe ikikauka kidogo na himoglobini ikazidi kukolea kwa asilimia 10 tu, muda huo unakuwa mfupi takriban mara 17. Chembe nyekundu huhitaji sekunde chache kupenya kwenye mshipa mwembamba na kurudi mapafuni kuchukua oksijeni. Ikipita kabla kamba haijaanza, salama. Chupa ya maji kwenye begi la shule inamnunulia mtoto sekunde hizo.