Ukatili wa kijana kwa wazazi: maana yake

Chukua nyumba moja ya Ngamiani, Tanga. Mlango wa chumba cha mama umefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu kitasa kiling'oka kwa teke. Jirani akiuliza, mama anasema ni upepo wa kusi. Aliyepiga teke ni mwanawe wa miaka 16, aliponyimwa hela.

Huo ndio ukatili wa kijana kwa wazazi. Kununa na kujibizana ni mambo ya ujana, hayamo humu. Hapa tunasema juu ya mwenendo unaojirudia: kutisha, kupiga, kuvunja vyombo, kuchukua fedha kwa nguvu, hadi wenye nyumba wanapima kila neno kabla ya kulitoa. Mimi kipimo changu ni hofu. Mama akiwanyamazisha wadogo kila asikiapo hatua barazani, mpaka wa ukorofi umeshavukwa. Anayeumia mara nyingi ni yeye, au bibi mlezi.

Wapo vijana waliokulia nyumbani wakimwona baba akimpiga mama. Wengine ni bangi au unga, wengine wanaumwa akili na hawajapelekwa hospitali. Kusema ni laana hakumsaidii yeyote kati yao.

Kwetu huwa tunaficha, au tunaita wajomba wamcharaze. Fimbo inamrudishia somo lile lile, kwamba mwenye nguvu ndiye msemaji. Haim Omer, mwanasaikolojia wa Israel, aliwafundisha wazazi njia nyingine, upinzani usio na ukatili: mzazi hapigi, hatukani, wala hasalimu amri. Hasira zikipanda hajibu, anangoja zipoe. Kisha anaitoa siri kwa watu wachache ambao kijana anawaheshimu, mjomba, ustadhi, mwalimu wake, nao wanamwendea: "Tumesikia ulichomfanyia mama yako. Wewe ni wetu, na jambo hili linakoma." Kazi kubwa iko hapo, maana ukatili huu hunenepa kwa siri.

Akishika kisu, toka na wadogo kwanza. Kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto, halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, na namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure. Chini ya miaka 18 yeye bado ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto.

Na kile kitasa, akitafutie hela yeye, akifunge kwa mkono wake, mjomba akimshikia bisibisi.