Mashine ya Espresso Yenye Kinu Ndani Yake: Kagua Kinu Kwanza

Kwenye boksi la mashine ya espresso ya nyumbani, maandishi makubwa kuliko yote huwa ya pampu: bar 15, pengine 20. Usiyape uzito. Espresso huchujwa vizuri kwenye presha ya bar 9 hivi, na hizo 15 ni nguvu ya mwisho ya pampu ndogo ya mtetemo pale maji yanapokosa pa kutokea. La kuuliza ni kama ndani mna vali ya kupunguza presha, inayorudisha maji ya ziada ili kahawa isipate zaidi ya bar 9 au 10. Isipokuwepo, maji hujichimbia vijia ndani ya kahawa na kupita hapo hapo. Sehemu moja inachujwa kupita kiasi, nyingine haiguswi, nawe unapata kikombe chenye uchungu na uchachu kwa mpigo.

Baada ya hapo, sahau pampu. Kwa mashine ya aina hii mimi hupima kwanza kinu, yaani kile kisagio cha punje za kahawa, maana kinu kikishindwa hakuna kitufe kingine kitakachokuokoa. Chukua kipimo cha kawaida: gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Badiliko la ulaini wa unga ambalo hata hulioni kwa macho linatosha kusogeza muda huo kwa sekunde kadhaa. Kinu chenye vituo, yaani nafasi za kuchagua ulaini wa unga, vilivyoachana sana kinaweza kukupa sekunde 20 kwenye kituo kimoja na 38 kwenye kinachofuata. Pale katikati unapopataka, hapashiki.

Kwa hiyo idadi ya vituo kwa jumla haikwambii mengi. Kinu kinaweza kuwa na vituo 25, ukakuta vinavyofaa espresso ni vinne tu, vilivyobaki ni vya kahawa ya kuchuja kwa karatasi. Kinu kisicho na vituo, kinachozunguka bila kukwama popote, ndicho bora. Kinachofuata kwa ubora ni kile ambacho pete ya juu ya meno ya kusagia ina marekebisho yake ya ndani, mbali na kirungu cha nje cha kuchagulia vituo. Mashine ya Barista Express ya kampuni ya Breville, ambayo Uingereza huuzwa kwa jina la Sage, imeundwa hivyo: unaishusha pete ya ndani nafasi moja, na kirungu cha nje kinapata eneo jipya la unga laini zaidi. Ukishanasa kati ya vituo viwili, cheza na uzito: ongeza au punguza nusu gramu ya unga, muda utasogea bila kugusa kinu.

Sasa geuza kichujio, kile kibakuli cha chuma kinachokaa ndani ya kishikio (mkono unaofungwa kwenye mashine), utazame chini yake. Ukiona matundu mengi madogo yametapakaa kote, hicho ni kichujio cha ukuta mmoja. Ukiona tundu moja tu katikati, ni cha kuta mbili: presha inatengenezwa na tundu lile, si na kahawa. Cha kuta mbili kitatoa povu nene hata kwa unga mkavu uliosagwa mwaka jana, na ndiyo sababu wauzaji wanakipenda. Mashine yenye kinu ikija na vichujio vya kuta mbili peke yake, soma hapo kwamba hata aliyeitengeneza hakiamini kinu chake kusaga laini vya kutosha. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuiacha dukani.

Tazama na kipenyo cha kichujio. Milimita 58 ndicho kipimo cha mashine nyingi za kibiashara, na vichujio na vishindilio vyake (vya kukandamizia unga) ni rahisi kuvipata. Milimita 54 haina ubaya wowote kwenye kikombe, ila vifaa vya kuchagua ni vichache. Chini ya hapo vinapungua zaidi.

Jambo linalowasumbua wengi baada ya kununua ni kipima muda cha kinu. Mashine nyingi husaga kwa sekunde, si kwa gramu. Ukisogeza meno kuelekea unga laini, kahawa hupita polepole zaidi kati yake, kwa hiyo sekunde zile zile hutoa unga mchache. Mtu anadhani amerekebisha ulaini peke yake, kumbe ameshusha na uzito. Kahawa inazidi kukimbia, naye anazidi kusogeza. Dawa yake ni mizani inayosoma gramu 0.1 chini ya kishikio, kila mara, mpaka ukipate kipimo chako. Tena, kila ukibadilisha ulaini, gramu chache za kwanza ni mabaki ya unga wa zamani yaliyolala kwenye njia ya kutokea: zitupe. Na ukielekea upande wa laini, sogeza kinu kikiwa kinazunguka, la sivyo meno hubana punje zilizo katikati na kukwama.

Kuhusu joto, maji ya kuchujia yawe kati ya nyuzi 90 na 96 za Selsiasi, na kidhibiti cha kielektroniki kinachokuruhusu kuchagua nyuzi kina thamani kuliko skrini ya rangi. Mashine zenye mfereji wa chuma unaopasha maji yanapopita huwa tayari upesi, lakini taa ikiwaka kijani kishikio bado ni cha baridi. Pitisha maji matupu kwenye kishikio kabla ya kusaga. Zenye boila, yaani tangi la kupashia maji, hungoja dakika 15 au zaidi, halafu hutulia vizuri. Kuna kero moja ya kuunganisha kinu na mashine ambayo haitajwi sana: punje zinakaa juu ya chombo cha moto, na mvuke hupenya hadi mdomo wa kinu na kugandisha unga. Weka punje za siku moja au mbili tu. Zile nyeusi zinazong'aa mafuta ziepuke, zinanata kwenye kuta za chombo na kuziba njia.

Ukiwa mtu wa maziwa kila asubuhi kwa vikombe vinne, tafuta yenye vipashio viwili, kimoja cha maji ya kahawa na kimoja cha mvuke wa kupashia maziwa. Kwa kikombe kimoja, kungoja kidogo mpaka mvuke uwe tayari hakumuui mtu.

Usafi: pete ya juu ya meno itoke kwa mkono, bila bisibisi. Isipotoka, unga wa zamani utachacha ndani na hutaufikia. Sugua kwa brashi kavu, maji yasiguse. Uliza pia kama mashine hutoa presha yenyewe baada ya kuchuja, kupitia vali ya njia tatu. Isiyo nayo, ukifungua kishikio mapema machicha hukurukia, na huwezi kuisafisha kwa kurudisha maji nyuma kwa kifuniko cha mpira.

Anayepokezana kahawa ya kawaida na isiyo na kafeini mara kwa mara, au anayependa kahawa iliyokaangwa kidogo sana, anunue kinu peke yake na mashine peke yake. Ile iliyokaangwa kidogo ni ngumu, inahitaji unga laini ambao vinu vingi vya ndani havifiki. Halafu mota ya kinu ikiungua, mashine nzima inaenda kwa fundi. Kabla ya kulipa, ulizia gasketi (pete ya mpira ya kuzuia maji) ya kichwa cha kuchujia na pete ya meno: zinauzwa peke yake au hapana?

Muuzaji akikubali ujaribu, nenda na mizani na punje zilizokaangwa wiki mbili au tatu zilizopita, kwa sababu punje zilizozeeka kuliko hapo hukimbiza maji na utakisingizia kinu. Weka kichujio cha ukuta mmoja, kinu kwenye kituo cha mwisho cha laini, gramu 18 au kiasi kichujio kinachobeba, shindilia sawasawa. Kinu kinachofaa kitaiziba mashine: matone machache, au hakuna kitu. Kahawa ikimwagika na uzito mara mbili ya unga ukafika ndani ya sekunde 15, kinu hakina akiba, na meno yakianza kulika hutakuwa na pa kusogea.