Kutengeneza na kusambaza modi za gemu: kipi ni chako, kipi si chako

Katika ziara zetu sisi wa ofisi ya hakimiliki za kutoa elimu ya miliki bunifu kwenye vyuo na shule za hapa Dodoma, swali linaloongoza siku hizi halihusu muziki wala vitabu. Linahusu skini za mabasi, yaani picha za rangi na maandishi zinazovikwa mabasi ya kwenye gemu. Kijana ananyoosha mkono, anaeleza kwamba alikesha akichora basi la Dodoma–Kondoa kwa ajili ya gemu la Bus Simulator Indonesia, akalirusha kwenye grupu la WhatsApp, na baada ya siku chache akalikuta linauzwa kwenye grupu jingine, jina lake limefutwa. Anayefuata anauliza kama na yeye anaruhusiwa kuuza za kwake. Malalamiko ya namna hii yameongezeka mezani kwetu, na mengi yanafika yakiwa tayari na dosari, kwa kuwa mlalamikaji naye alichukua kipande cha kazi ya mtu mwingine bila kuuliza.

Kutengeneza modi, yaani mabadiliko au nyongeza ambayo mchezaji anaitengenezea gemu, si kosa. Wazazi wanaodhani kijana akifungua mafaili ya gemu tayari ni mhalifu wa mtandao, naomba wapumue. Counter-Strike, ambalo dunia nzima inalijua, lilianza mwaka 1999 kama modi ya gemu la Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Kampuni ya Valve iliyokuwa na Half-Life haikuwashtaki. Ilinunua kazi yao na kuwaajiri. Kijana wa UDOM au wa VETA anayejifunza kwa njia hii anapata uchoraji, upangaji wa mafaili na uandishi wa programu kwa wakati mmoja, na sisi tunataka waongezeke.

Anza na gemu ambalo mwenyewe amefungua mlango. Waundaji wa Bus Simulator Indonesia wameruhusu ndani ya gemu lao mchezaji achore skini yake, na hata aingize gari alilolitengeneza mwenyewe kwa umbo la pande tatu. Minecraft nalo lina masharti yanayozungumzia modi waziwazi. Mwenye kompyuta yenye nguvu kidogo atazame Farming Simulator 22 ya kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi. Toleo hilo la mwaka 2021 liliongeza mazao matatu, na mawili kati yake ni zabibu na mtama. Nashangaa kwamba sijaletewa shamba la zabibu la Hombolo au la Mpunguzi lenye udongo wake mwekundu na mibuyu pembeni. Kampuni inatoa zana yake ya kuhariri bila malipo kwa anayejisajili, na ina ukumbi wake rasmi ambako modi hukaguliwa kabla ya kuwafikia wachezaji.

Modi ya kwanza iwe ndogo. Badilisha kitu kimoja ambacho tayari kipo. Kwenye Minecraft ya kompyuta (Java Edition), kwa mfano, tofali moja la ukuta ni picha ya PNG yenye pikseli 16 kwa 16. Ichore upya, iweke kwenye folda yenye mpangilio unaotakiwa, ongeza faili dogo la maandishi liitwalo pack.mcmeta, kisha funga vyote kwenye faili moja la zip. Hapa ndipo wengi wanakwama na kuanza kulaumu kompyuta: wanafunga folda badala ya vilivyomo ndani ya folda. Ukifungua zip ukakuta folda nyingine kwanza, gemu halitaiona kazi yako. Lile faili la pack.mcmeta lazima likutane na gemu mlangoni. Farming Simulator ina tatizo hilohilo na faili lake la modDesc.xml, na jina la zip yake lisianze na tarakimu wala kuwa na nafasi katikati. Kwa upande wa basi, skini ni picha bapa inayokunjwa kuzunguka bodi, hivyo maandishi ya ubavuni hutokea yamegeuka kama kwenye kioo usipokagua pande zote mbili kabla ya kutoa. Mengine utajifunza kwa kujaribu.

Sasa nije kwenye jambo linalotuleta ofisini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, iliyotungwa mwaka 1999, inalinda programu za kompyuta pamoja na kazi za sanaa. Ulinzi unaanza pale kazi inapotungwa. Usajili unakusaidia kuthibitisha, lakini hauzai haki. Kwa hiyo mchoro wako wa basi ni wako tangu ulipouchora. Na kwa sababu hiyohiyo, gemu ni la mwenye gemu, umbo la gari ni la aliyelichonga, wimbo ni wa msanii na mwenye rekodi. Haki ya kurekebisha kazi ni ya mtunzi, na wewe unairekebisha kwa ruhusa yake tu. Ruhusa hiyo imeandikwa kwenye yale masharti marefu unayobofya “nakubali” bila kuyasoma.

Yasome. Ya Minecraft yanasema modi uliyoitunga mwenyewe toka mwanzo ni mali yako, ila usiiuze, na usisambaze gemu lenyewe likiwa limeshafanyiwa marekebisho. Kusambaza modi ni kutoa kile ulichoongeza wewe, na anayekipokea anakiweka kwenye gemu alilolipata kihalali. Kusambaza gemu zima lililochakachuliwa, na “pesa zisizoisha” ndani yake, ni kusambaza mali ya mtu. Wanaokuja kujitetea kwamba “mimi nimetengeneza modi” huku mkononi wana APK (faili la kusakinishia programu kwenye simu ya Android) ya gemu zima, wanatupotezea muda na kujipotezea wenyewe.

APK hizo zina hatari nyingine. Programu ya basi haina sababu yoyote ya kuomba kusoma ujumbe mfupi wa simu yako. Ikiomba, ikatae na uifute, maana namba za siri za kuthibitisha miamala ya benki na ya mitandao ya simu hupita kwenye ujumbe huohuo. Mzazi anayempa mtoto simu yenye laini ya M-Pesa au Mixx by Yas aliangalie hili kabla ya kuangalia mengine yote.

Kuna dhana tatu zinazotuchosha. Ya kwanza ni kwamba kilichopo mtandaoni ni cha bure. Kupakuliwa bila malipo hakumnyang'anyi mtu haki yake. Ya pili ni kwamba ukiandika “shukrani kwa mwenyewe” chini ya kazi, umemaliza. Kumtaja mtunzi ni wajibu, na ruhusa ni wajibu mwingine. Hata “mwenyewe” huyo mara nyingi hajatajwa kwa jina! Ya tatu ni kwamba sheria zetu hazihusiki kwa kuwa gemu ni la Indonesia au la Marekani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na kazi za nchi wanachama zinalindwa hapa kama za kwetu.

Kuhusu adhabu nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo uelewa ni mdogo zaidi. Mbali na adhabu zilizomo kwenye Sura ya 218, kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kukiuka haki za miliki bunifu. Simu janja ni mfumo wa kompyuta. Ukiukaji usio wa kibiashara una faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Ukiwa wa kibiashara, faini haipungui shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Soma tena ngazi ya kwanza. Utetezi wa “sikupata hata shilingi” haukutoi kwenye kosa, unakuhamishia ngazi ya chini tu. Na anayeuza skini ya mwenzake kwa shilingi elfu moja moja kwenye grupu anafanya biashara, hata kama anaiita “hela ya bando”.

Hata pale wenye gemu walipotaka modi ziuzwe, mambo hayakuwa mepesi. Aprili 2015 Valve na Bethesda, kampuni yenye gemu la Skyrim, walifungua uuzaji wa modi za gemu hilo. Moja ya modi za mwanzo iliondolewa haraka kwa kuwa ilitegemea kazi ya mtengenezaji mwingine ambaye hakuwa ameafiki, na baada ya siku chache mpango wote ukasitishwa. Kwa hiyo ukitaka kuingiza kipato, gawa modi bure na upokee kazi za kuchora kwa makubaliano, pale masharti ya gemu yanaporuhusu.

Ukiibiwa, usianze kwa matusi kwenye grupu. Matusi yanaweza kugeuka kesi dhidi yako. Hifadhi kwanza faili lako la asili lenye tabaka zote za mchoro, si ile picha ya mwisho peke yake, kwa sababu anayeiba huwa na picha ya mwisho tu. Piga skrinishoti ya tangazo la mwizi ikionyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa, na uhifadhi faili analosambaza jinsi ulivyolipokea, bila kulibadilisha jina. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaipa mahakama nafasi ya kupima ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Skrinishoti iliyokatwakatwa na kupambwa mishale myekundu inadhoofisha kesi yako mwenyewe. Kisha mwandikie mhusika umtake aondoe, na admini wa grupu apewe nakala. Wengi huondoa hapo. Wakikaidi, lete malalamiko kwenye ofisi ya hakimiliki kwa maandishi, na kama kuna jinai, fungua taarifa polisi upewe namba ya RB. Kijana mmoja alishinda mabishano ofisini kwetu kwa alama ndogo aliyoichora chini ya waipa ya kioo cha mbele. Aliyechukua kazi alifuta jina ubavuni na nyuma, akaisahau hiyo. Fanyeni hivyo.

Upande wa majina ya kampuni za mabasi, nembo na rangi zao zinaweza kuwa alama za biashara zilizosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kampuni nyingi hazisumbuki na mashabiki, lakini kutosumbuka si ruhusa. Barua fupi ya kuomba haigharimu kitu, na kampuni ya mabasi uliyoibuni mwenyewe haihitaji ruhusa ya mtu. Namba za usajili za magari halisi ziondoe, na sura za abiria au makondakta uliowapiga picha stendi ya Nzuguni usizitumie kabla ya kupata ridhaa yao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kisingizio cha gemu hakiiondoi. Nembo ya Taifa usiiguse bila kibali.

Redio ya basi nayo ina mambo. Usipakie nyimbo za watu ndani ya modi. Acha nafasi tupu ili mchezaji aweke za kwake. Wanaotaka muheme wa Wagogo usikike gari likipita Chamwino wafahamu kwamba wachezaji waliorekodiwa wana hakishiriki, yaani haki ya msanii anayecheza au kuimba, juu ya uchezaji wao, na kwamba sheria inalinda pia sanaa za jadi pale zinapotumika kibiashara nje ya mazingira yake. Nendeni mkaongee na kikundi, mkubaliane kwa maandishi, mrekodi wenyewe.

Unapotoa modi, weka ndani ya zip faili la maandishi lenye jina lako au la kisanii, toleo la gemu inalofanya kazi nalo, orodha ya kila kitu ambacho si chako pamoja na aliyekuruhusu, na sentensi moja inayosema wengine wanaruhusiwa kufanya nini na kazi yako: kuirekebisha, kuisambaza upya, au kuitumia tu. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria kwa shauri lako mahususi. Anayekuja kwetu aje na faili la asili, nakala ya mawasiliano na ruhusa alizonazo. Aliye chini ya miaka 18 aje na mzazi au mlezi.