Wisconsin haikufuta vyama vya wafanyakazi, iliviwekea masharti magumu

Watu wengi wakituuliza kuhusu ile sheria ya jimbo la Wisconsin, Marekani, inayoitwa Act 10, wanadhani ilipiga marufuku vyama vya watumishi wa umma. Hapana. Gavana Scott Walker aliisaini Machi 2011 na vyama vikabaki, kilichobadilika ni mambo gani chama kinaruhusiwa kujadili na mwajiri, na ugumu wa chama kuendelea kuwepo. Na hili ndo jimbo la kwanza Marekani kuwapa watumishi wa halmashauri haki ya majadiliano, 1959!

Zamani mkataba wa hali bora wa mwalimu uligusa bima, saa za kazi, malalamiko, mambo kibao. Sasa ni mshahara wa msingi tu, na nyongeza haizidi mfumuko wa bei mpaka wapiga kura wa eneo hilo wakubali, na mkataba wenyewe wa mwaka mmoja. Makato ya ada kwenye mshahara yakafutwa pia, yaani chama kihangaike chenyewe kukusanya.

Ila mtego wenyewe uko kwenye kura. Kila mwaka chama kinapigiwa kura upya na lazima kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote wanaowakilishwa, sio ya waliopiga. Chukua walimu 100, wamejitokeza 60, ndiyo 50, hapana 10, kwingine huo ni ushindi wa kishindo, hapa chama kimeanguka, maana wale 40 ambao hawakupiga ni kama wamekataa. Tanzania chama chenye wanachama wengi pale kazini ndo kinatambuliwa, hakuna mambo ya kura kila mwaka.

Watetezi walisema bajeti ina pengo, na kweli watumishi walianza kuchangia karibu asilimia 6 ya mshahara kwenye pensheni, hizo ni hela. Lakini kura ya kila mwaka inaziba pengo gani? Hata maseneta 14 wa Democratic walipokimbilia Illinois ili akidi ya muswada wa fedha isitimie, maseneta wa Republican waliondoa vifungu vya matumizi, wakapitisha vilivyobaki bila wao.

Polisi na zimamoto hawakuguswa, na hapo ndo palipoleta kesi: Desemba 2024 jaji wa Kaunti ya Dane alisema kuwagawa watumishi namna hiyo kunavunja katiba ya jimbo, akabatilisha sehemu kubwa ya sheria. Rufaa ikakatwa, na sheria ikaendelea kutumika wakati kesi inasubiriwa.